Herufi Ishirini za Dada Redio

Machi 2

Leo mashine yangu imeongea na mashine ya dada yangu ng'ambo ya uchochoro, bila waya, bila simu, bila kumwomba mtu msaada. Programu nimeiandika mwenyewe, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Naenda kulala nikiwa fundi wa mitandao.

Machi 3

Uongo mtupu. Jana nilifungua boksi la kompyuta tu. Na lenyewe alilifungua mke wangu kwa kisu cha jikoni, maana mimi, fundi kufuli niliyefungua milango ya nusu ya mji huu, nilishindwa na gundi ya karatasi.

Haya naandika humu humu kwenye mashine. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ndiye aliyeniagiza. Kazi yake ni kuwaunganishia watu mitandao maofisini. Amesema, "Baba, andika chochote kila siku mpaka vidole vizoee. Hata matusi." Ya matusi hakuwa na haja ya kuniruhusu.

Nieleze kwa nini nahangaika, maana mtu akisoma atadhani nimeshikwa na wazimu wa uzeeni. Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Tangu utotoni tunamwita Redio, kwa sababu akiamka tu amewaka, na hakuna aliyewahi kujua kitufe cha kuzimia kiko wapi. Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Akili iko pale pale, masikio yapo, ila mdomo haumtii tena na mkono wa kulia umelala. Wa kushoto unatetemeka. Akishika kalamu, unachopata ni kama kuku kapita kwenye tope. Kwenye simu kidole chake kimoja kinagusa herufi tatu kwa mpigo. Basi Redio imezimika, na sisi wengine tumegeuka watangazaji wake. Mke wangu anasema, "Wifi anataka chai." Mama msaidizi anayekuja asubuhi anasema, "Bibi anataka kulala." Na mwanawe, mpwa wangu, ambaye mimi namwita Tai kwa sababu nadhani hata bafuni anaingia na tai shingoni, anasema, "Mama anataka kwenda kwenye ile nyumba ya kutunzia wagonjwa."

Kwenye nyumba hiyo, mwendo wa nusu siku kwa gari, ameshamshikia nafasi. Mvua zikiisha na barabara ikikauka, anampeleka.

"Mjomba," aliniambia wiki iliyopita, amesimama mlangoni kwangu kama karani wa mahakama, "mama akianguka mchana, nani atamsikia?"

"Mimi."

"Wewe uko ghorofani, ng'ambo ya uchochoro. Na goti lako unalijua."

Goti langu alilitajia nini? Damu ilinichemka mpaka nikasahau jibu zuri nililokuwa nalo. Lakini alipoondoka nikalipata lingine. Nitampa Dada mashine yenye kibodi ya herufi kubwa kama biskuti. Akibonyeza kwake, maneno yatokee kwangu. Hapo tuone huyo Tai atampeleka wapi, na kwa sababu gani.

Mke wangu kauliza, "Si umnunulie kengele tu?"

Kengele inasema nini zaidi ya kengele?

Machi 5

Mvua ya kwanza. Somo la kwanza pia. Lugha yenyewe inaitwa Python, jina la chatu, na sishangai.

Mkamwana kanieleza hivi. Programu moja inaitwa seva; hiyo inakaa na kusikiliza. Nyingine inaitwa mteja. Hiyo ndiyo inayobisha hodi. Kila moja ina tundu lake la kupitishia maneno, linaitwa soketi. Mashine moja ina milango maelfu, kila mlango na nambari yake, na seva inachagua mmoja inakaa nyuma yake inangoja.

"Milango?" nikasema. "Mwanangu, ungeanzia hapo. Milango ndiyo iliyonilisha miaka arobaini."

"Hii haina kufuli, Baba."

"Ndiyo maana mnaibiwa."

Machi 6

Mashine inasema kuna kosa mstari wa tatu. Mstari wa tatu hauna kitu.

Machi 7

Kosa lilikuwa mstari wa pili, mabano sikufunga. Sasa kama unajua kuna kosa, na hujui liko wapi, si ukae kimya? Nimewahi kufanya kazi na msimamizi wa namna hiyo.

Machi 9

Imekataa tena. Kumbe maneno hayapiti kwenye tundu yakiwa maneno. Lazima kwanza yasagwe yawe baiti, yapite kama unga, halafu upande wa pili yafinyangwe upya yawe maneno. Nikauliza ni nani aliyekaa akafikiria upuuzi huu. Mkamwana kasema ni watu wengi, kwa miaka mingi. Nilijua tu si mtu mmoja. Mtu mmoja hawezi kuwa mjinga kiasi hicho.

Machi 10

Mvua. Leo inasema mlango tayari unatumika. Na nani? Na programu yangu mwenyewe ya dakika moja iliyopita, iliyokufa ikagoma kuachia kitasa.

Machi 12

Imeitika. Nimefungua madirisha mawili kwenye kioo cha mashine, moja seva, moja mteja. Upande huu nikaandika "Hodi", upande ule ikatokea "Hodi". Nikamwita mke wangu, akatoka jikoni mikono ina povu. Akatazama.

"Umejiandikia hodi," akasema.

"Ndiyo."

"Na umejiitikia."

Alirudi jikoni. Nasikia anacheka mpaka sasa. Mtu asiyejua furaha ya wenzake ana matatizo yake.

Machi 15

Nimempelekea Dada mashine yake. Uchochoro umejaa maji hadi kwenye vifundo. Nilivuka nimeibeba kichwani, imefungwa kwa nailoni, na kibodi iko kwenye mfuko nilioushika kwa meno. Majirani walijitokeza madirishani kunitazama kama harusi inapita. Nimeiweka kwenye meza yake, karibu na mkono wa kushoto. Nikamwonya mama msaidizi asiiguse hata kwa kitambaa cha vumbi.

Dada aliitazama kibodi, akanitazama mimi, akainua nyusi. Nyusi zake zinatosha kitabu.

Ruta ya kwangu, kile kisanduku kinachorusha mtandao hewani, inafika mpaka kwake, hilo tulihakikisha. Nikawasha mteja kwake. Ikasema muunganisho umekataliwa.

Machi 16

Umekataliwa.

Machi 17

Umekataliwa. Nikijaribu hapa chumbani inaitika kama askari mbele ya bosi wake. Nikivuka maji hadi kwa Dada, inanikana. Mpwa Tai alikuwepo kwa mama yake leo, amekuja na machungwa. Alinitazama nikibonyeza, nikibonyeza, nikibonyeza.

"Mjomba, pumzika kidogo."

Nilimwambia apumzike yeye, kwa kuwa shingo imebanwa. Dada akatoa sauti puani. Sijui alikuwa upande wa nani.

Machi 18

Leo sikubonyeza kitu. Nimekaa tu nikaitukana. Nimeitukana mashine, nimeitukana ruta na aliyeiuza, nimeitukana mvua, na huyo mpwa nimemtukana bila yeye kuwepo, kwa mpangilio mzuri sana. Kama hasira ingekuwa umeme, mtaa huu usingekuwa na giza.

Machi 19

Mkamwana kapita akitoka kazini, viatu mkononi. Akasoma programu yangu akiwa amesimama, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Baba, hii anwani uliitoa wapi?"

"Kwenye ule mfano wako wa kwanza. 127.0.0.1."

"Hiyo ni anwani ya mashine kujisemesha yenyewe."

"Yaani?"

"Yaani umeiambia seva isikilize sauti zinazotoka humu humu ndani tu. Mtu wa nje akibisha, haina habari naye."

Siku zote hizo nalaumu mvua, kumbe nimejenga nyumba yenye mlango unaofungukia chumbani. Akafuta, akaweka sufuri nne zenye nukta katikati, kwamba isikilize kila upande. Kazi ya sekunde moja. Nilitamani kumshukuru na kumfukuza kwa wakati mmoja.

Kabla hajatoka akatazama mstari wa chini, ule unaopokea maneno. "Na hii ishirini ya nini? Mimi kwenye mfano niliweka elfu moja."

"Hizo ni herufi. Akiandika, napokea ishirini, nazionyesha kwenye kioo, nafunga mlango."

"Kwa nini ishirini?"

"Mwanangu, wewe umeolewa juzi, hujamsikia shangazi yenu akiwa mzima. Ukimpa elfu moja atazitumia zote kunisema mimi. Ishirini zinamtosha. Nimeanguka. Nataka maji. Njoo. Miaka yote mimi ndiye niliyesikiliza, wacha safari hii nimpimie."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Zinazozidi zitapotea, Baba."

"Zipotee."

Machi 20

Saa nne asubuhi, maandishi yakatokea kwenye kioo changu:

Kidomo umechelewa

Kidomo ni mimi. Dada ndiye aliyenipa jina hilo nikiwa na miaka mitano, kwa ubishi wangu. Tangu mwaka jana sijaitwa. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi, nikakohoa kwa muda.

Machi 22

Chai haina sukari

Goti lako vipi

Mwambie huyu mama as

Asifanye nini, sijui, na sikuuliza. Nilicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimemkata Redio kauli, na hakuna kofi lililonifikia.

Machi 24

Mvua usiku kucha. Paa la ukumbi linavuja. Dada ameomba maji, nikamwita mama msaidizi kwa simu, akapewa. Kazi imekwisha. Nangoja tu huyo Tai apande ngazi zangu.

Machi 27

Amepanda. Na leo lazima niandike yote, hata vidole vikiota malengelenge.

Alianzia kwa mama yake, akamwambia kwamba anakuja kwangu tumalize suala la safari. Kisha akavuka maji, suruali imekunjwa, viatu kwapani, tai iko pale pale. Tukakaa chumbani kwangu, mimi, mke wangu na yeye. Mashine ilikuwa mezani imewaka, seva inasikiliza.

"Mjomba, sikuja kugombana."

"Basi umekosea nyumba."

"Wee mzee," mke wangu akasema, "mwache mtoto aseme."

Mtoto ana miaka hamsini. Akasema nafasi ile wanaingoja wengine, na mwezi ujao ukiisha bila jibu wanampa mtu. Akasema yeye anafanya kazi mbali, anakuja mara moja kwa wiki, na kila simu ikilia moyo unamruka. Akasema kule kuna wauguzi, kuna watu wa rika la mama, kuna nini na nini. Sikuwa namsikiliza vizuri. Nilikuwa natafuta pa kumkatia.

"Umesema mama yako akianguka hakuna wa kumsikia," nikamwambia. "Hiyo hapo. Anasikika. Mimi, mzee wa darasa la sita, nimetengeneza kwa mikono hii. Sasa sababu yako nyingine ni ipi? Au ni kwamba unachoka kununua machungwa?"

"Mjomba, hayo maneno si ya haki."

"Haki? Wewe unamfungasha mama yako kama godoro halafu unaniambia haki?"

Na hapo hapo, kana kwamba nimemlipa, mashine ikatoa mlio. Sote tukageuka. Kwenye kioo:

Mimi sitaki kuondoka

Nilisoma kwa sauti. Nikarudia. Nikamsogezea kioo asome mwenyewe, nikampa vidonge vyake mpaka vikaisha kwenye chupa. Nilimwambia mama yake amesema kwa kinywa chake, kinywa nilichomtengenezea mimi. Nilimwambia aende huko akawaambie wampe nafasi mtu mwingine, na kama hawana mtu, aende akalale yeye.

Tai aliyatazama yale maandishi kwa muda mrefu. Sikumwona akikasirika. Akachukua viatu vyake akashuka, mwavuli akausahau, mvua inamwagika.

"Umefurahi?" mke wangu akauliza.

"Sana."

"Haya." Akakusanya vikombe kwa kelele nyingi kuliko vikombe vyenyewe.

Nusu saa baadaye Dada akatuma:

Kidomo njoo hapa sas

Anataka kunishukuru. Shukrani hazichachi, zitangoja. Goti limevimba na maji yamefika magotini.

Machi 28

Kimya. Nikaangalia kama seva imekufa. Haijafa.

Machi 29

Kimya. Mvua.

Machi 30

Mke wangu karudi kutoka kwa Dada. Eti Wifi amegeuzia uso ukutani, chakula kakirudisha. Nikamuuliza kama amekasirikia uamuzi wa mwanawe. "Mimi nitajuaje," akasema, "mwenye mashine si wewe?"

Machi 31

Kimya. Sasa nasema wazi nimekasirika. Nimevuka maji na mzigo kichwani kwa ajili ya huyu mwanamke. Nimejifunza lugha ya chatu kwa ajili yake. Nimegombana na damu yangu. Na yeye hawezi kubonyeza vitufe saba kuniambia asante? Ndivyo alivyokuwa tangu zamani. Ukimpa kikombe anauliza kisahani kiko wapi. Sitaandika zaidi, nisije nikavunja kibodi.

Aprili 2

Nimekwenda.

Sikwenda kwa upole. Nilivuka ule uchochoro nikiwa nimepanga hotuba nzima, na kwenye kila hatua naongeza neno. Nikafungua mlango bila kubisha. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya meza, mgongo umenyooka. Hakugeuka. Mama msaidizi akaona uso wangu, akachukua ndoo isiyo na kitu akatoka nayo nje.

"Dada, mimi na wewe leo," nikaanza.

Akainua mkono wa kushoto, ule unaotetemeka, akaonyesha kioo.

Mashine ya kwake huacha kwenye kioo kila alichoandika. Sikuwahi kufikiria kulitazama hilo, kwa sababu nilichokuwa nikisoma ni kioo cha kwangu. Nikavaa miwani. Yalianza juu, yale ya chai na goti, na nikaona kila sentensi yake ndefu ina mkia ambao sikuwahi kuupata. "Mwambie huyu mama asiache dirisha wazi, mvua inaingia kitandani." Kitanda chake kilikuwa kimeloa siku ngapi, Mungu wangu. Kisha nikafika kwenye ya tarehe ishirini na saba. Nainakili hapa ilivyo:

Mimi sitaki kuondoka bila kuulizwa. Kila mtu ananijibia, hata Kidomo. Mwanangu amesema kule kuna mwalimu wa kuwafundisha watu kusema upya. Nataka kwenda. Nimechoka kuwa bubu. Kidomo asinizuie kwa kuwa anaogopa kubaki akiongea na ukuta. Niulizeni nijibu mwenyewe.

Chini yake: "Kidomo njoo hapa sasa hivi, mbona hamjibu, mmeamua nini?" Na chini yake, ambayo hakuituma: "Nimeongea yote niliyokuwa nayo na hakuna aliyekuja."

Basi.

Hotuba yangu sijui iliangukia wapi. Nilivuta kiti nikakaa, maji yananitoka kwenye suruali. Nikamwambia ukweli, kwamba kwangu zilifika herufi ishirini tu, kwamba ni mimi niliyeziweka ishirini, kwamba niliziweka kwa mzaha. Na kwamba nimemsomea mwanawe hizo ishirini, nikamfukuza kwa hizo.

Nilitegemea kofi. Mkono wa kushoto unalo la kutosha. Badala yake akaanza kubonyeza, kidole kimoja, herufi moja, pumzi, herufi nyingine. Sijawahi kusubiri sentensi kwa muda mrefu hivyo, na sijawahi kunyamaza kwa muda mrefu hivyo.

"Kwa hiyo siku zote nilikuwa naongea na nani?"

Nikatoa simu nikampigia mpwa wangu, pale pale mbele yake.

"Mjomba."

"Umewaambia wampe nafasi mtu mwingine?"

Sikungoja jibu. Nikamwambia, kwa haraka ili nisipate nafasi ya kujitetea, kwamba ile sentensi haikuwa nzima, mimi ndiye niliyeikata, mama yake anataka kwenda, na kama nafasi imepotea nitakwenda mwenyewe nikawapigie magoti, hili hili bovu.

"Sijawaambia kitu," akasema.

"Kwa nini? Si nilikufukuza?"

"Mjomba, huyo ni mama yangu. Maneno matatu? Mama akiomba chumvi anatumia maneno kumi na hadithi ya mtu aliyezidisha chumvi. Nilijua kuna kitu. Nilikuwa nangoja maji yapungue nije nimuulize mwenyewe."

Nimemwita karani, nimemwambia anamfungasha mama yake kama godoro, na yeye alikuwa anamjua mama yake kuliko mimi ninayejidai nimemrudishia sauti. Nilimpa Dada simu ashike sikioni. Sijui mwanawe alimwambia nini. Dada akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, kana kwamba mtu wa upande wa pili anaona.

Kisha nikafunga lile dirisha. Lilikuwa bado wazi.

Aprili 4

Mkamwana hajasema "nilikuambia". Ningependa angesema, nipate wa kugombana naye. Ameketi kando, mikono kifuani, akaniacha nirekebishe mwenyewe.

Kumbe hata elfu moja isingetosha. Maneno yanayopita kwenye tundu hayaji yamefungwa pamoja kama alivyoyatuma anayesema. Yanakuja vipande, kimoja kikubwa, kingine kidogo, na seva haiwezi kujua ni kipi cha mwisho mpaka iambiwe. Kwa hiyo dawa ni kuendelea kupokea, kipande baada ya kipande, unaviunga, hadi anayesema afunge mlango mwenyewe. Ukipokea kidogo ukadhani umesikia yote, kosa si la mtandao.

"Sasa, Baba, ni nani anayeamua mwisho?" akaniuliza kama mwalimu.

"Anayeongea."

Nilimkasirikia kwa namna alivyotabasamu.

Aprili 5

Jaribio. Dada ametuma ukurasa mzima. Umefika wote, bila kukosa hata koma. Amenitukana kuanzia utotoni hadi juzi, kwa mtiririko. Kuna tusi la mwaka nilipovunja chungu ambalo nilidhani amelisahau. Nimeongeza na njia ya mimi kumjibu. Nikauliza, kwa maandishi, "Dada, unataka kwenda?"

"Ndiyo. Umeona ilivyo rahisi?"

Niliuzima mshumaa wa hasira, kisha nikauwasha tena, kwa sababu anakwenda.

Aprili 8

Jua siku nzima. Nilikuwa nikilitukana lilipokosekana. Leo nimelitukana limekuja.

Aprili 10

Maji yamebaki ya kwenye vifundo. Tai amekuja na gari, limesimama barabarani, haliwezi kuingia uchochoroni. Akavua koti, akavua tai, kwa mara ya kwanza naiona shingo yake, ni nyembamba kama ya baba yake. Akainama, tukampandisha Dada mgongoni. Mimi nyuma na mashine kichwani, mke wangu nyuma yangu na mito.

"Mjomba, taratibu hapo, kuna shimo."

"Shimo hilo nalijua kabla hujazaliwa. Tazama mbele."

Katikati ya maji Dada akapiga bega la mwanawe, asimame. Akanigeukia, akanitazama, mimi na mashine kichwani na goti linalia. Akacheka. Sauti yenyewe haikuwa nzuri, lakini ilikuwa yake.

Kabla hawajaondoka aliomba kibodi, kwenye kiti cha gari, mashine mapajani. Akaandika: "Umenivukia mzigo mara mbili. Mara ya pili hukutaka. Nina deni lako dogo, dai siku yoyote." Gari likaondoka. Nikarudi chumbani. Seva nikaiacha inasikiliza, ingawa ng'ambo ya uchochoro hakuna mtu.

Mke wangu aliniletea chai akaniweka mkono begani. Nikamwambia auondoe. Hakuuondoa.

Aprili 13

Kimya. Mkamwana anasema kutoka mbali vile njia ni nyingine, lazima ruta yangu ifunguliwe mlango wa kuelekea nje, na kwamba atafungua leo jioni. Nimemuuliza kwa nini si mchana. Anasema ana kazi. Watu wana kazi.

Aprili 14

Saa mbili asubuhi, nzima, bila kipande kupotea:

"Kidomo. Kitanda kikavu. Chai ina sukari nyingi, nimewaambia. Mwalimu wa kusema ni msichana mwembamba, mkali, hanionei huruma, nampenda. Anasema tunaanza na sauti za midomo peke yake. Ma. Pa. Natoa mate kuliko sauti. Jirani yangu wa kitanda anacheka, na mimi namcheka yeye. Usikae unanuna dirishani. Mlete mkeo mje."

Nimeisoma mara nyingi. Nimekasirika kwamba anafurahi. Nimekasirika kwamba ningemnyima hayo kwa herufi ishirini. Wote waliobaki nimeshawasamehe, hata mvua.

Haya ya leo nitakutumia, Dada, yapokee mpaka nifunge mlango mwenyewe. Ulisema una deni langu dogo, nidai siku yoyote. Nadai leo. Huyo msichana mkali akimaliza ma na pa, mwombe akupitishe kwenye mo. Nayo ni ya midomo, nimejaribu hapa mbele ya kioo, mke wangu shahidi. Ukiiweza, mwambie mwanao akupigie simu yangu, usogeze mdomo karibu, uniambie hiyo mo moja. Kido nitajazia mwenyewe. Kisha ukate simu kabla sijapata nafasi ya kujibu.